Mashine ya boti ikimisi, pimeni moto kabla ya kununua kifaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wamiliki wenzangu wa boti, na mafundi wetu, na wenye maduka ya vipuri mjini Dodoma. Ombi langu ni moja. Mashine ya boti ikianza kumisi, yaani kukatakata kwa sababu silinda haichomi kila mara, pasinunuliwe kifaa chochote mpaka moto wa plagi, ile cheche inayowasha petroli, umepimwa, silinda moja baada ya nyingine, na mwenye mali amesimama pale pale anaona kwa macho yake.

Mimi ni mama wa Mtera, upande wa Mpwapwa, na biashara yangu ni samaki. Nina boti zinazoendeshwa na vijana, na mashine zake zote ni za zamani: tu-stroku za silinda mbili, za kuvuta kamba, zilizopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kunifikia. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa pampu na mashine. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi, nikimsafishia plagi, nikimpa spana kabla hajaiomba. Alipofariki sikuuza vifaa vyake. Haya ninayoyaandika nayafanya mwenyewe, ndiyo maana nayasema kwa uchungu.

Kinachoendelea mwaloni ni hiki. Mashine inamisi. Fundi anaitwa, anafika na bisibisi mkononi, moja kwa moja anafungua kabureta. Anaosha jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, anapuliza, anarudisha. Mashine inawaka, inanguruma vizuri kwa muda, watu wanafurahi, kesho yake inamisi vilevile. Hapo fundi anatamka neno ambalo kila mmiliki analiogopa: "CDI imekufa, mama." CDI ni kile kiboksi cha umeme kinachofyatua moto wa plagi. Mtu anapanda basi hadi Dodoma mjini, zaidi ya kilomita mia moja, anatoa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya nyavu au ada ya mtoto, anarudi na kiboksi cheusi kinachoenea kiganjani. Kinafungwa. Inamisi. "Basi itakuwa koili." Safari nyingine. Na kifaa cha umeme ukishakifunga, duka halikipokei tena, hata kama hakikuwa na kazi. Nimewaona watu wazima wakiuza mashine kwa bei ya chuma chakavu na kurudi kwenye kasia, na aliyeinunua akatengeneza kofia ya plagi na kuondoka nayo.

Hasara ya fedha ni kubwa, lakini si hiyo peke yake inayonisukuma kuandika. Anayepita juu ya tuta kwenda Iringa asubuhi huliona bwawa la Mtera limetulia. Asubiri saa nane mchana. Upepo ukishaamka, mawimbi mafupi yanafuatana karibu karibu, na sehemu nyingi bado kuna visiki vya miti iliyozamishwa bwawa lilipojazwa. Kiangazi, kina kikishuka kwa sababu mto Ruaha Mkuu umepungua na maji yanaendelea kufunguliwa kwa ajili ya mitambo ya umeme, vingine vinabaki shubiri moja tu chini ya maji, huvioni mpaka umevigonga. Boti yenye mzigo wa perege ikibaki na silinda moja haina nguvu ya kuelekeza omo kwenye wimbi. Inageuzwa ubavu. Viboko wapo, mamba wapo. Walio ndani ni watoto wa watu, na mimi ndiye niliyewatuma.

Niwaeleze wenzangu ambao hawajawahi kuinua ule mfuniko wa juu. Mashine hizi hazihitaji betri ili zitoe moto. Ndani ya flaiweli, lile gurudumu zito unalolizungusha kwa kamba, kuna sumaku. Sumaku ikipita mbele ya koili iliyo chini yake, umeme unazaliwa na kwenda kwenye CDI, unahifadhiwa humo kwa muda mfupi mno. Koili nyingine ndogo inatoa ishara kwamba pistoni imefika mahali pake, na CDI inauachia umeme wote kwa mkupuo mmoja kwenda koili ya moto. Hiyo inaukuza hadi maelfu ya volti, unapita kwenye waya mnene, unaingia kwenye kofia, unaruka pengo la plagi. Basi, ni hayo tu. Sasa angalieni nani anateseka katika safari hiyo. CDI imemiminiwa gundi ngumu, haina kinachozunguka wala kinachosuguana. Plagi inakaa motoni. Kofia inavutwa na kila mkono. Bolti ya ethi, ile inayounganisha umeme na chuma cha injini, inaota kutu. Swichi ya kuzimia inarushiwa maji kila siku. Kwa nini tuanze na kile kilichokaa salama, tuache vinavyoumia?

Kabla sijagusa spana huwa namhoji nahodha. Inamisi ikiwa ya baridi, au ikishapata moto? Ikienda taratibu, au ukifungua yote? Inakata ghafla na kurudi ghafla, au inazorota pole pole? Majibu yake yana thamani kuliko mita. Kasoro ya moto mara nyingi hukata ghafla. Ya mafuta huzorota, na ukiminya lile puto la kwenye mpira wa mafuta wakati inazorota, mashine inapata nafuu kwa sekunde chache. Ikipata nafuu, hapo kweli twende kwenye pampu, mipira na kabureta, na tuangalie kama kuna maji chini ya tangi. Isipopata nafuu, kabureta iachwe ilivyo.

Majuzi alikuja kijana mmoja, fundi mwenye bidii, ameshashika bisibisi. Nikamwambia, "Mwanangu, weka hiyo chini. Toa plagi zote mbili kwanza." Akazitoa. Ya juu ilikuwa kavu, pua yake rangi ya kahawia. Ya chini ilikuwa nyeusi na imelowa, petroli na oili vikamchuruzikia kwenye vidole. Nikamwuliza inasema nini. Akasema, "Mama, huku chini hakuchomi." Hapo hapo tukawa tumeacha nusu ya mashine, maana silinda ya juu haina neno. Akaziba tundu kwa kidole nikavuta kamba: mgandamizo upo, huku na huku. Tukaweka plagi safi kwenye kofia zake, tukazikandamiza kwenye chuma cha injini, mbali na matundu, matundu tukayaziba kwa kitambaa kwa sababu ya mvuke wa petroli. Nikavuta tena. Ya juu ilitoa moto wa bluu, mnene, wa kulia "ta!" Ya chini ilitoa uzi mwembamba wa njano, mara upo, mara haupo. Tukabadilishana plagi: ya juu chini, ya chini juu. Ugonjwa ukabaki chini. Kwa hiyo plagi si mwizi.

Akaishika kofia ya chini, akaizungusha kuitoa kwenye waya, maana kofia nyingi za aina hii huingia kwa uzi kama skrubu. Ndani yake palikuwa na unga wa kijani, na ncha ya waya imekuwa nyeusi, nyuzi za shaba zimeliwa zikabaki chache. Tukakata waya kama sentimita moja, shaba ikang'aa, tukasugua kofia, tukaikaza tena. Nikavuta kamba. Bluu, "ta!" Yule kijana alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama, ningekununulisha CDI." Hatukununua hata kijiti.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndilo ninalotaka kila fundi alifanye. Na kuna jambo moja la hatari humo lisipuuzwe: usizungushe mashine ya CDI huku kofia inaning'inia hewani. Umeme ule ukikosa pa kuruka hutafuta njia ndani ya koili yenyewe na kuitoboa, na hapo utakuwa umezalisha ugonjwa ambao haukuwepo. Plagi zote mbili ziguse chuma. Tena zipo mashine ambazo koili ni moja na nyaya zake ni mbili, umeme unazunguka kupitia plagi zote mbili. Hizo, ukiiacha plagi moja bila ethi, hata ile nzima itaonekana mbovu, na wewe utakwenda mjini bure.

Sasa niseme na wale wanaotengeneza mashine mjini na kuipima kwenye pipa la maji. Mashine inaweza kuimba vizuri kwenye pipa ikafika bwawani ikamisi, na fundi hajadanganya. Kwenye pipa haina mzigo. Bwawani, ukifungua yote, silinda inajaa mchanganyiko na mgandamizo unakuwa mkubwa, na kadiri mgandamizo unavyokuwa mkubwa ndivyo umeme unavyohitaji nguvu zaidi kuruka lile pengo dogo. Moto dhaifu unaotosha mashine ikiwa taratibu hautoshi hapo. Ndiyo maana moto wa njano usihesabiwe kuwa ni moto. Na ndiyo maana waya wenye ufa mdogo hujificha: umeme ukikuta ugumu kwenye plagi, unaona heri utorokee kwenye chuma cha jirani. Ufa wa namna hiyo nautafuta usiku. Mashine ikiwa kwenye pipa nje, mafuta yamewekwa mbali, taa zimezimwa, naangalia nyaya kwa macho bila kuzigusa. Cheche za bluu zinazotambaa juu ya waya zinaonekana wazi. Mara nyingi hapo panya amepita, kwa sababu tunazihifadhi mashine ghala moja na mahindi.

Kuna ile inayokwenda vizuri mpaka ipate joto, kisha inakata silinda. Ikipumzika, inarudi nzima. Hiyo ndiyo inayowatia wazimu manahodha, kwa maana akishafika mwaloni fundi haoni kitu. Hapo mshuku koili, ama ile ya chini ya flaiweli au ile ya moto. Waya mwembamba uliokatika ndani hugusana ukiwa wa baridi, joto likiutanua unaachana. Ipimwe ikiwa bado ya moto, dakika ile ile inapomisi, si asubuhi baada ya chai. Mita isome ukinzani, usomaji ulinganishwe na namba za kitabu cha mashine hiyo hiyo, na si za mashine ya jirani.

Swichi ya kuzimia nimeiona ikiwagharimu watu wengi. Kwenye mashine za CDI swichi hiyo huzima moto kwa kuupeleka kwenye ethi. Ikiingia maji au kutu, inaupeleka kidogo kidogo bila kuambiwa, na mashine inamisi kila boti inaporuka wimbi. Kwenye Yamaha waya wa kuzimia ni mweupe na wa ethi ni mweusi. Uachanishe ule mweupe, washa mashine ikiwa kwenye pipa, na uwe tayari kuizima kwa choki au kwa kuchomoa mpira wa mafuta. Ikitulia, umempata mwizi kwa bei ya kiswichi. Lakini nawasihi, msiende bwawani na waya huo ukiwa umeachanishwa. Kamba ya usalama inayofungwa mkononi mwa nahodha inafanya kazi kupitia hapo hapo. Akidondoka na mashine haikuzimika, boti huzunguka na kumrudia, na panga la nyuma, yaani propela, halichagui.

Mashine nyingi tunazonunua huku katikati zimetoka pwani. Zimekunywa chumvi miaka mingi kabla hazijaonja maji ya Ruaha. Juu zimepigwa rangi, zinapendeza, lakini chini ya kila bolti ya ethi kuna unga mweupe. Ukiinunua ya namna hiyo, siku ya kwanza toa bolti za ethi za CDI na za koili, piga msasa mpaka chuma kionekane, paka grisi kidogo, kaza. Ni kazi ya nusu saa. Wauzaji wa mashine za mkononi wangekuwa waungwana kama wangeifanya wao kabla ya kupaka rangi.

Na zile kongwe kabisa ambazo hazina CDI bali zina platini, ile midomo miwili inayofungua na kufunga umeme, na kondensa inayopunguza cheche kwenye midomo hiyo, bado zipo na bado zinavua. Platini zisafishwe, pengo lipimwe kwa fila geji, vile vibati vya kupimia pengo, na si kwa macho, na kondensa ibadilishwe pamoja nazo. Cheche nyingi kwenye midomo ya platini ni dalili kwamba kondensa imechoka.

Nije kwa wenye maduka. Mtu akija kuuliza plagi, tafadhali msimpe "yoyote inayoingia". Kwenye plagi za NGK, B7HS na B8HS zina uzi ule ule na urefu ule ule, zinaingia tundu moja, lakini namba inapopanda plagi ni ya baridi zaidi. Ya baridi kupita kiasi kwenye boti inayokokota nyavu taratibu hujaa masizi na kuanza kumisi. Ya moto kupita kiasi inaweza kutoboa pistoni. Mwisho wa jina kukiwa na -10, pengo lake ni milimita 1.0, na ukiifunga kwenye mashine iliyotengenezewa pengo la 0.6 ambayo koili yake imeshazeeka, umeiongezea mzigo isiouweza. Mteja aulizwe mashine gani, ya nguvu ngapi. Kama hajui, aambiwe alete plagi ya zamani au asome kibandiko chini ya mfuniko.

Kuhusu oili, nawaomba sana. Oili ya tu-stroku ya boti ina alama ya TC-W3 kwenye chupa. Ile ya pikipiki ni ya injini inayopozwa na hewa, ina viungo vinavyoacha majivu, na majivu hayo hujijenga kwenye plagi mpaka yanaunganisha pengo. Plagi iliyoungana haina moto, na fundi ataisingizia CDI. Najua kwa nini watu wanachukua ya pikipiki: ndiyo iliyopo dukani, na ni rahisi. Ikiwepo ya boti tutainunua. Na kipimo kisiwe cha kukisia. Kama mashine imeandikiwa 50 kwa 1, lita 25 za petroli zinataka nusu lita ya oili. Kuzidisha "ili mashine isife" ndiko kunakolowesha plagi. Kupunguza kunaua pistoni. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nayo inafanya plagi kuwa nyeusi, kwa hiyo kabla ya kulaumu umeme, mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, inuse, iangalie kama kuna maji yaliyokaa chini.

Mafundi wetu vijana wasinielewe vibaya. Wengi wamejifunzia pikipiki, wakaletewa mashine za boti kwa kuwa hakuna mwingine wa kumletea, na wanafanya kazi kwa bidii juani. Anayetaka kusoma uvuvi na vyombo vyake husafiri mbali, Mbegani kule Bagamoyo au Nyegezi kule Mwanza. Ombi langu kwa halmashauri zetu mbili zinazotazamana, Mpwapwa na Iringa, ni kumleta mwalimu hapa mwaloni kwa wiki moja wakati wa kiangazi, boti nyingi zikiwa nchi kavu. Avue mfuniko mbele ya watu, manahodha wawepo, na sisi wamiliki tuwepo. Mashine mbovu za kufundishia hazitakosekana, mimi nitatoa ya kwanza.

Na maofisa wanaokuja kukagua maboya na majaketi, ambao nawashukuru, waongeze jambo moja dogo. Wamwambie nahodha awashe mashine, kisha avute kamba ya usalama. Ikizimika papo hapo, aende. Isipozimika, abaki nchi kavu mpaka ile swichi itengenezwe.

Mmiliki wa boti,
Mtera, Mpwapwa